Kihispania cha Joto, Vumbi na Ukungu

Katika vitabu vingi vya kuanzia Kihispania, hali ya hewa hupewa kurasa chache tu, mara nyingi karibu na somo la rangi na siku za wiki. Pana picha ya jua, chini yake «hace sol»; picha ya wingu, «está nublado»; mwavuli, «llueve»; mtu wa theluji, «nieva». Kisha hufuata majira manne, primavera, verano, otoño na invierno, kila moja na miezi yake mitatu. Mwanafunzi hukariri, hujibu maswali machache, na somo hufungwa. Rai inayotawala kati ya walimu, waandishi wa vitabu na watengenezaji wa programu za simu ni kwamba somo hili ni jepesi, mahali pake ni mwanzo kabisa, na mazungumzo ya hewa ni ya kupitisha muda, hivyo hayahitaji zaidi ya hapo.

Rai hiyo ni potofu. Huwapotosha wanafunzi wengi, na ubaya wake hudhihirika mno pale mwanafunzi anapokuwa Mswahili na darasa lake liko Mirdif.

Mirdif ni kitongoji cha makazi cha Dubai, nyuma ya uwanja wa ndege wa kimataifa, chenye nyumba za familia, misikiti, shule na bustani, na ndege hupita juu yake mchana na usiku. Waafrika Mashariki wanaoishi au kufanya kazi humo, na katika mitaa ya jirani kama Rashidiya na Muhaisnah, wana sababu za maana za kukitaka Kihispania. Shirika la Emirates huruka Madrid na Barcelona. Hoteli, maduka na ofisi za safari za Dubai hupokea wageni wa Hispania, Meksiko, Kolombia na Argentina. Na kwa kuwa mgeni yeyote anayetoka mlangoni mwa uwanja mwezi wa Agosti hutamka neno lake la kwanza juu ya joto, hewa ndiyo inayofungua mazungumzo. Hapo ndipo kurasa zile za picha zinapomtupa mwanafunzi.

Mwezi wa Agosti, Mirdif hupita nyuzi 40 mchana, na usiku unyevu wa bahari huingia nchi kavu hata miwani ya anayetoka kwenye kiyoyozi ikafunikwa na mvuke. Siku nyingine upepo wa shamal huleta vumbi kutoka kaskazini-magharibi, jua likawa kisahani cheupe, na magari yote yakawa na rangi moja. Januari alfajiri, ukungu hushuka mzito kiasi kwamba madereva huonywa kupunguza mwendo. Mvua ni ya siku chache kwa mwaka. Haya yote hayamo katika picha nne za kitabu. Wala mwanafunzi hawezi kuyataja kwa «hace sol», kwa sababu kumwambia mgeni wa Sevilla kwamba kuna jua wakati wote wawili wanatweta ni kutosema kitu.

Wanaoitetea rai ile hujibu kwamba kosa si la kitabu: Kihispania ni lugha ya Ulaya, na anayejifunza lugha ajifunze na mbingu zake. Jibu hilo linasikika la haki, lakini limejengwa juu ya ramani isiyo sahihi. Wasemaji wengi mno wa Kihispania hawaishi Ulaya. Wako Amerika, na mamilioni kati yao wako katika nchi za joto ambako majira manne ya kitabu hayajulikani, kama yasivyojulikana Mombasa. Huko Kolombia, Venezuela, Ekwado na Amerika ya Kati, watu huita «invierno» msimu wa mvua na «verano» msimu wa ukame, hata kama joto halibadiliki sana kati ya huu na huo. Mwanafunzi aliyekariri kwamba invierno ni Desemba, Januari na Februari, tena ni theluji, atamsikia Mkolombia akilalamikia invierno mwezi wa Aprili na kudhani hakusikia vizuri. Ukishuka Argentina, Januari ndiyo kilele cha kiangazi. Lima, mji mkuu wa Peru, ni jiji la jangwani kando ya bahari ambako mvua ya kweli karibu haijulikani, lakini kwa miezi mingi hufunikwa na wingu la kijivu linalodondosha manyunyu membamba yaitwayo «garúa».

Afrika nayo ina nchi ya Kihispania. Guinea ya Ikweta ilipata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968, Kihispania kikabaki lugha rasmi, na mji wa Malabo uko kwenye kisiwa cha Bioko, ambacho upande wake wa kusini ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kupita kiasi barani. Kwa mtoto wa Malabo, msamiati wa hewa kwa Kihispania ni wa mvua na kiangazi. Mtu wa theluji wa kitabu ni mgeni kwake vilevile. Basi anayedai kwamba majira manne ni mali ya Kihispania amechukua sehemu ndogo ya wenye lugha na kuifanya kuwa wote.

Tena Kihispania kina maneno barabara kwa mbingu ya Mirdif, na hili ndilo linalokera zaidi, kwamba maneno yapo na kitabu kinayaficha. Joto zito la unyevu lisilo na upepo huitwa «bochorno». Ukungu ni «niebla». Umande ni «rocío». Vumbi laini linaloning'inia hewani na kufuta upeo wa macho huitwa «calima», neno linalotumiwa kila mara Visiwa vya Canaria, ambako upepo huleta vumbi la Sahara juu ya bahari. Mtu wa Las Palmas na mtu wa Mirdif wanaweza kuzungumza juu ya calima kwa nusu saa, wakilinganisha macho yanayowasha, nguo zilizoanikwa na vikohozi vya watoto. Mwanafunzi akinyimwa neno hilo moja, mazungumzo hayo hayatokei.

Kosa la pili la rai inayotawala ni zito zaidi, kwa sababu linahusu sarufi. Husemwa kwamba sentensi za hewa ni za kukariri tu, hazina cha kuelezwa. Ukweli ni kwamba Kihispania hueleza hewa kwa njia kadhaa zinazotofautiana: kwa «hacer», kitenzi cha kufanya, kama «hace calor», kwa «haber», kama «hay niebla», kwa «estar», kama «está nublado», na kwa vitenzi vinavyosimama peke yao, kama «llueve» na «truena». Anayekariri bila kuelezwa huzichanganya maisha yake yote.

Vitabu vikieleza, hueleza kupitia Kiingereza. Humwonya mwanafunzi asiseme yeye «ni» baridi, humkumbusha kwamba joto hapa ni nomino na si kivumishi, humwekea sanduku la tahadhari kila ukurasa. Onyo hilo limeandikwa kwa ajili ya Mwingereza. Mswahili anayejifunzia kwa Kiingereza hulazimika kwanza kufanya kosa la Mwingereza, halafu aonywe asilifanye, ingawa kwa lugha yake mwenyewe asingelifikiria kabisa.

Kwani Mswahili husema «kuna ukungu», na Mhispania husema «hay niebla». Kuna vumbi, «hay polvo». Kuna unyevu, «hay humedad». Kuna mawingu, «hay nubes». Mlango wa «hay» uko wazi kwake tangu siku ya kwanza. Mswahili husema «nina kiu», na Mhispania husema «tengo sed», ana kiu, hali Mwingereza husema kwamba yeye ni mwenye kiu. Kutoka hapo, «tengo calor» na «tengo frío» ni hatua fupi, ijapokuwa mwenyewe amezoea kusema anasikia joto au anaona baridi. Mswahili anajua kwamba joto ni jina la kitu, kwa hiyo husema joto kali, joto jingi. «Mucho calor» humjia bila shida, na kosa la kusema «muy calor», linalowasumbua wanafunzi wa Kiingereza kwa miaka, halina sababu ya kuota kwake. Hata tofauti ya joto la hewa na kitu cha moto anayo: hewa ina joto, chai ni ya moto. Akielezwa kwamba «caliente» ni ya chai na ya maji, hatajiita «caliente» mbele ya wageni, neno ambalo mtu akijisifia nalo hupata maana ya aibu.

Vitenzi visivyo na mtenda navyo husemwa kuwa vigumu kwa mgeni. Kwa Mswahili si vigeni. Husema kumekucha, kumepambazuka, bila kumtaja aliyekucha wala aliyepambazua, na Mhispania husema «amanece» kwa mtindo uleule. Nairobi watu husema «kunanyesha», na hiyo ni «llueve» neno kwa neno. «Está nublado» na «está despejado» hueleza hali iliyokwisha kutokea na kubaki, kama Kiswahili kinavyosema mawingu yametanda, anga limetakata. Kilichobaki kuwa kigeni hasa ni «hace», kule kusema kwamba hewa inafanya joto au inafanya upepo. Hapo ndipo mwalimu atumie muda wake, na pengine saa moja ingetosha.

Hakuna ajabu katika haya yote. Ni kwamba darasa la Mirdif, kama madarasa mengi ya Nairobi na Dar es Salaam, limezoea kudhani kwamba Kiingereza ni daraja la lazima kwa kila lugha ya Ulaya, na kwa hewa daraja hilo linampeleka msafiri mbali ili limrudishe alipotoka.

Kosa la tatu ni kuifunga hewa ndani ya wakati uliopo. Picha ya mwavuli husema «llueve», basi. Lakini ni lini watu huzungumza juu ya mvua inayonyesha mbele ya macho yao? Mara chache. Huzungumza juu ya iliyonyesha, inayokuja, iliyokataa kuja, na ile ambayo wangependa ije. Hewa ni masimulizi na utabiri, na kwa hiyo ndiyo shule bora ya nyakati za kitenzi.

Mfano ulio karibu ni tarehe 16 Aprili 2024. Siku hiyo uwanja wa ndege wa Dubai ulipata zaidi ya milimita 142 za mvua ndani ya saa 24, wakati wastani wa mwaka mzima mahali hapo hauzidi milimita 100. Khatm Al Shakla, huko Al Ain, zilipimwa zaidi ya milimita 254, kiasi ambacho hakikuwahi kuandikwa katika Falme za Kiarabu tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Barabara ziligeuka mito, magari yakaachwa majini, safari za ndege zikavurugika kwa siku kadhaa. Kila aliyekuwa Dubai siku hiyo ana kisa, na kisa hicho hakisimuliki kwa «llueve».

Kinasimulika kwa «llovió toda la noche», ilinyesha usiku kucha. Kwa «llovía cuando salí», ilikuwa ikinyesha nilipotoka. Kwa «ha llovido», imenyesha, ambayo husemwa na anayeona barabara imelowa hata kama hakuiona mvua yenyewe. Wanafunzi wa Kihispania huteswa kwa miaka na tofauti ya «llovió» na «llovía», na vitabu huiahirisha hadi kiwango cha kati. Mswahili ana -li- kwa ya kwanza, -likuwa na -ki- kwa ya pili, na -me- kwa ya tatu. Ulinganifu haukamiliki kila mahali. Wahispania wa Madrid hutumia «ha llovido» kwa mengi ambayo Wameksiko na Waargentina huyaeleza kwa «llovió». Hata hivyo msingi umo tayari kichwani mwa mwanafunzi, na mvua moja kubwa inayojulikana na darasa zima hufundisha haraka kuliko kurasa za mazoezi.

Matarajio vivyo hivyo. «Ojalá llueva», husema mkulima wa Hispania wakati wa ukame. «Ojalá» ni neno lililotoka katika Kiarabu cha Andalusi, na jina la Mungu lingali ndani yake. Msikilizaji wa Mirdif, anayesikia inshallah mara kadhaa kila siku, hana haja ya kuelezwa hisia yake. Nacho kitenzi kinachofuata hubadili irabu ya mwisho, «llueve» ikawa «llueva», kama Kiswahili kinavyosema inyeshe badala ya inanyesha. Umbo hilo la kutakia ndilo linaloogopwa kuliko yote katika sarufi ya Kihispania. Mswahili angeweza kulipata mwezi wa kwanza, kwa sentensi ya maneno mawili.

Juu ya upepo, yatosha kusema kwamba «hace viento» ni umaskini kwa mtu wa pwani. Aliyelelewa Unguja, Lamu au Tanga anajua kwamba upepo una jina: kaskazi, kusi, matlai. Mababu waliosafiri kwa jahazi kutoka Ghuba walishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na hesabu ya siku zao ilikwenda kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, kama mabaharia na wakulima wa Ghuba wanavyohesabu durur zao za siku kumi tangu kuchomoza kwa nyota ya Suhail mwezi wa Agosti. Kihispania nacho kimejaa majina ya pepo: «levante» na «poniente» kwenye mlango wa Gibraltar, «pampero» katika nyanda za Argentina, «zonda» kavu na ya joto inayoshuka Andes. Mwanafunzi wa namna hii apewe majina hayo, kwa kuwa anajua ya nini.

Inabaki hoja inayosemwa kwa kujiamini zaidi: kwamba mazungumzo ya hewa ni maneno matupu. Hoja hii imetoka kwa watu ambao hewa haiwagusi. Katika Falme za Kiarabu sheria inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba, kwa sababu joto linaua. Kwa mjenzi, mlinzi wa nje au mpanda pikipiki wa kupeleka chakula, swali la nyuzi za leo ni swali la mwili wake. Na anapopiga simu nyumbani, Kitui, Dodoma au Mbale, baada ya salamu huuliza kama mvua zimenyesha, kwa kuwa jibu ndilo litakaloamua pesa za kutuma mwezi huo. Mwezi uleule Dubai ilipofurika, Kenya na Tanzania zilikuwa katika masika ya maafa. Rufiji ilifunikwa na maji, na alfajiri ya 29 Aprili 2024 mafuriko yalisomba watu na nyumba Mai Mahiu. Simu za siku hizo kati ya Mirdif na nyumbani zilikuwa za hewa tupu, na hazikuwa na utupu wowote.

Neno ambalo Waafrika Mashariki hulitumia wakiogopa mvua za kupita kiasi limetoka Kihispania. Wavuvi wa kaskazini mwa Peru waliuita mkondo wa maji ya joto unaofika karibu na Krismasi «El Niño», Mtoto, na mwaka 1892 Kapteni Camilo Carrillo alilitangaza jina hilo kwenye Jumuiya ya Jiografia ya Lima. Baada ya mafuriko ya 1997 na 1998, wakulima wa Kenya na Tanzania wakawa wanasema Elinino kama neno lao. Walichojifunza wavuvi wa Peru kwa kutazama maji yao kimefika mashamba ya Tana na Rufiji, na bado vitabu vinafundisha hewa ya Kihispania kwa mtu wa theluji.

Hatari ya kufundisha nusu nusu inaonekana katika mafuriko ya Valencia ya tarehe 29 Oktoba 2024. Shirika la hali ya hewa la Hispania, AEMET, lilitoa onyo jekundu asubuhi. Ujumbe wa dharura kwenye simu za wananchi ulifika baada ya saa mbili usiku, wakati vijiji vingi vilikwisha funikwa. Zaidi ya watu 200 walikufa. Lawama za kuchelewa ni za wenye mamlaka. Lakini mkoa huo una wahamiaji wengi, wakiwamo Waafrika, na mhamiaji hujikinga kwa maneno aliyonayo. Anayejua «llueve» peke yake hawezi kujua kwamba «aviso rojo» humtaka ajihadhari na asitoke bila lazima, kwamba «barranco», korongo kavu lililo nyuma ya nyumba, laweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, au kwamba «riada» ni mafuriko yanayokuja. Maneno hayo matatu hayamo katika kurasa za picha.

Wapo watakaosema kwamba mwanzo lazima uwe mwepesi. Uwe mwepesi, naam. «Hay humedad» si ngumu kuliko «nieva», na mwanafunzi anaweza kuisema kweli siku hiyohiyo akitoka darasani. Wengine watasema simu hutafsiri kila kitu. Simu hutafsiri sentensi iliyokwisha kuundwa. Haimfundishi mtu aitikie nini Mkolombia anapougua kwa invierno wa Aprili.

Mpango wa masomo unaofaa Mirdif ungeanza na mbingu iliyo juu ya darasa na kuirudia kila mwezi mwaka mzima: Agosti bochorno na calima, Desemba hewa ya jioni inayokaribisha watu bustanini Mushrif, Januari niebla, Machi na Aprili mawingu yenye radi. Vifaa vipo bure. Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa cha Falme za Kiarabu hutoa taarifa na maonyo ya njano, chungwa na nyekundu. AEMET hutoa kwa rangi hizohizo kwa Kihispania, nazo SENAMHI ya Peru na IDEAM ya Kolombia hutoa za kwao. Mwanafunzi huweka taarifa ya Dubai kando ya ile ya Lima au Las Palmas na kusoma siku moja katika sehemu mbili za dunia. Mtihani wake usiwe picha ya mwavuli. Amweleze Mhispania siku ya 16 Aprili 2024 tangu asubuhi hadi maji yalipokauka, amuulize ya Valencia, na amwambie, kabla ya kuagana, anatarajia hewa gani kesho.